Kwetu Watoto Hawahesabiwi

Nyumbani kwetu watoto hawakuhesabiwa. Sisemi kwamba hatukupendwa, wala kwamba wazazi hawakujua hesabu. Baba alijua idadi ya magunia yake ya kahawa ya maganda hata ukimwamsha usingizini. Ila watoto hawahesabiwi, basi. Ukimuuliza bibi yangu mzaa baba ana wajukuu wangapi, alikujibu, "Wapo," kisha akakutazama kwa jicho la kuuliza unawatakia nini. Mgeni aking'ang'ania, alitaja wachache, akamwacha mmoja au wawili, akabadilisha mazungumzo kwa kuleta chakula. Aliamini kwamba ukitaja hesabu kamili ya watoto wako, kuna asiyeonekana anayesikia, naye huja kupunguza. Ng'ombe nao walikuwa hivyo hivyo. Jioni walipoingia zizini bibi alisimama langoni akiwatazama nyuso, akajua nani hajarudi bila kutamka namba hata moja.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na bibi alikoma nami. Huyo anayekuja kupunguza, nilimuuliza, kwani yeye mwenyewe hajui kuhesabu mpaka asubiri aambiwe? Na kama ametajiwa watoto pungufu, hatawaona wengine wakicheza uani? Bibi alinipa kiazi cha kuchoma nikae kimya. Nilikula kiazi, nikauliza tena.

Shuleni, mwalimu wa darasa la kwanza aliponiuliza, "Mko wangapi kwenu?" nilijibu, "Tupo, mwalimu." Darasa zima likacheka. Waliocheka zaidi walikuwa watoto wa Kinyambo, wenyeji wa pale, na nilijua fika kwamba nyumba kadhaa za majirani zetu Wanyambo zilikuwa na mwiko huo huo. Hata sasa ninapoandika najikuta sitaki kutaja idadi yetu. Msomaji anisamehe. Tulikuwa wengi wa kutosha kugombania blanketi.

Tuliishi Kamuli. Siku hizi wanasema ni wilaya ya Kyerwa, lakini wakati ule yote ilikuwa Karagwe. Wazazi wangu walivuka mto Kagera kutoka Rwanda wakati wa machafuko ya miaka ya sitini, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, mtoto mchanga hata shingo haijakaza. Wadogo zangu wote walizaliwa upande huu, kwenye kibanja ambacho baba alianza kwa kulima vibarua vya watu mpaka akapewa kipande cha kupanda migomba yake. Kanisani tulikaa benchi moja na majirani, tulizikana, tuliazimana majembe. Lakini kila lilipotokea jambo la serikali, tuliitwa upande. Walioitwa upande huo waliitwa wakimbizi, nami nilikuwa sijawahi kukimbia popote kwa miguu yangu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, vita na Uganda vikiwa ndiyo kwanza vimepita na watu bado wanashtuka wakisikia gari kubwa, habari ilienea kwamba serikali itawapa uraia wakimbizi wa zamani waliotaka. Maofisa walikuja, wakaweka meza ndani ya ghala la kahawa, na baba akavaa koti lake la Jumapili. Alikwenda na mama na bibi. Sisi watoto tulibaki tukipalilia, tukibishana. Mdogo wangu mmoja alidhani tutapewa viatu. Mimi nilitaka kujua mtu akiwa raia anahisi wapi, kichwani au tumboni, na kama ng'ombe wetu nao watakuwa raia kwa kuwa walizaliwa hapa.

Ofisa alimuuliza baba mambo mengi, baba akajibu yote. Kisha akamtaka ataje watoto wake wote ambao hawajafikia utu uzima, ili majina yao yaandikwe kwenye cheti chake nao wawe raia pamoja naye. Baba akawataja, akamwacha mmoja. Bibi alikuwa amekaa nyuma yake, na mama alinisimulia baadaye kwamba bibi alishusha pumzi ya furaha kuona mwanawe hajasahau adabu mbele ya wakubwa. Baba akaapa kwamba aliyoyasema ni kweli na ni kamili. Kwake yeye yalikuwa kweli na kamili. Hakuna mtu wa heshima anayemwaga watoto wake wote mezani.

Aliyeachwa alikuwa mimi. Hilo sikulijua kwa miaka kadhaa. Cheti kilipokuja tulikunywa rubisi, majirani wakaja, baba akasimama akashindwa kuhotubia akalia. Kisha cheti kikafungwa ndani ya nailoni, nailoni ikafungwa ndani ya kitambaa, kikaingia kwenye sanduku la bati, na sisi watoto tukaambiwa atakayekigusa atajuta. Baba mwenyewe kusoma kulikuwa kwa shida. Kwa hiyo karatasi iliyosema sisi ni nani ilikaa ndani ya nyumba bila ya mtu yeyote kuisoma.

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya uhudumu hospitalini Nyakahanga. Nilifagia wodi, nilifua mashuka, nilibeba ndoo ambazo sitaki kuzieleza. Nako niliuliza. Kwa nini huyu anatundikiwa maji na yule hapana? Kwa nini homa inapanda jioni? Muuguzi mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya kukemea hata anaposifu, alichoka nami. "Wewe mtoto wa watu, nenda ukasome uuguzi, huko watakulipa kwa hayo maswali." Akaniandikia barua, na baada ya muda nikaitwa kwenye usaili Bukoba. Sijui kama kuna siku nimewahi kufurahi namna ile. Nilikuwa natembea wodini najizuia kuruka.

Baba alifungua sanduku, akanikabidhi cheti chenyewe, maana kule njiani watu wa asili yetu tulikuwa tunaulizwa. Akamtuma mdogo wangu anayenifuata anisindikize. Tulipanda lori la kahawa, tukakaa juu ya magunia, tukala ndizi za kuchoma, tukaimba. Pale Kyaka, karibu na daraja, kulikuwa na kizuizi. Askari alitazama nyuso, akasikiliza lafudhi zetu, akatushusha. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilimkabidhi ile nailoni.

Akasoma mbele, akageuza nyuma. Akamuuliza mdogo wangu jina, akaliona, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaniuliza mimi.

"Jina lako halimo," alisema.

"Tazama tena, afande. Mimi ni wa kwanza."

Alitazama tena. Hakuwa mtu mkorofi, nataka niseme hilo. Alipitisha kidole kwenye kila jina polepole, akanipa nisome mwenyewe. Nikasoma. Wadogo zangu wote walikuwemo wamejipanga vizuri, mpaka yule kitinda mimba ambaye wakati ule alikuwa bado ananyonya. Mdogo wangu alicheka kwanza, akidhani ni mzaha, kisha akaacha.

"Rudi kwenu ukaulize," askari aliniambia.

"Kwetu wapi, afande?" Niliuliza kwa kutaka kujua, sikuwa na kiburi.

Akafikiri kidogo. "Kwa mwenye hiki cheti," akasema, akanirudishia.

Lori liliondoka. Mdogo wangu alikuwa na ruhusa ya kuendelea lakini alikataa kuniacha, akakaa nami kando ya barabara mpaka tulipopata gari la kurudi. Usaili ukapita bila mimi. Muuguzi mkuu alinikemea kwanza, kisha akawaandikia chuoni, wakakubali kuniwekea nafasi hadi muhula mwingine wa kupokea wanafunzi, kwa sharti moja: nilete uthibitisho wa uraia. Bila huo, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na bila huo, nikaja kuelewa, hata kutoka Karagwe kwenda kumsalimia mtu Bukoba nilipaswa kuomba kibali, wakati kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa bado anakojoa kitandani, angeweza kwenda mpaka Dar es Salaam akipenda.

Nilifika nyumbani nimefura. Nilitaka kulia lakini swali lilikuwa kubwa kuliko kilio: kwa nini mimi? Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja, na kila mtu alikuwa na jibu lake, jambo lililonifanya nizidi kuuliza.

Bibi alisema nilikuwa mtoto wa kuugua, na mtoto anayeugua ndiye wa kufichwa. Mama alisema ni kwa sababu nilizaliwa ng'ambo ya mto, na kunitaja kungeleta maswali ya lini na wapi. Mdogo wake baba alisema wazi, bila haya, kwamba mimi ni msichana, nitaolewa na raia, nitapata uraia wa mume, kwa hiyo kuniandika ilikuwa kupoteza wino. Huyo nilimnunia mpaka Krismasi. Baba alikuwa akinoa panga lililokuwa tayari limenolewa.

Tulikwenda Kayanga, mimi na yeye, kwenye ofisi ya uhamiaji. Ofisa alikuwa mtu wa pwani kwa jinsi Kiswahili chake kilivyoteleza, mpole, anayesikiliza mpaka mwisho. Baba alivua kofia akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Huyu ni nani?"

"Mwanangu. Wa kwanza."

"Mbona hayumo?"

Baba akatazama mikono yake. "Sikumtaja."

"Ulisahau?"

Pale ndipo nilipojua baba yangu ni mtu wa namna gani. Alipewa mlango wa kutokea, uko wazi kabisa, akaukataa. "Hapana, bwana. Mtoto hasahauliki. Kwetu watoto hawatajwi wote."

Ofisa aliweka kalamu chini. Alieleza mambo kwa utaratibu, na mimi nilisikiliza kwa njaa, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kunifungulia hizo kanuni nikaona ndani yake. Njia ya kwanza, alisema, mimi niombe peke yangu kama mgeni yeyote, nifuate uraia wa tajnisi. Nitangaze kusudio langu ili mwenye pingamizi aseme, nipate wadhamini, nilipe ada, ningoje. Kungoja huko kulikuwa kwa miaka, na hakuna ahadi. Njia ya pili, kwa kuwa nilikuwa mtoto siku ile baba alipoandikishwa, yeye aende mbele ya hakimu aape kwamba mimi ni mtoto wake niliyeachwa bila nia ya kudanganya. Kwenye kiapo hicho ataje watoto wake wote kwa majina, na ataje jumla. Karatasi zipelekwe Dar es Salaam waamue.

"Lakini sitaki kukudanganya, mzee," akaendelea. "Uliapa kwamba maelezo yako ni kamili. Ukienda sasa kuapa kwamba hayakuwa kamili, mkubwa mwingine huko anaweza kusema ulificha makusudi. Cheti kikifutwa, ni chako na wote walioandikwa humo."

Nilielewa. Kuniingiza mimi kungeweza kuwatoa wote.

Ofisa alikuwa bado anasumbuliwa na jambo. "Lakini, mzee, hili la kutohesabu watoto, wakubwa wangu wataliaminije?" Akamgeukia mama aliyekuwa akipiga taipu pembeni, mwenyeji wa hapo hapo Karagwe. "Mama, una watoto wangapi?"

"Wapo, bwana," alijibu bila kusimamisha vidole.

"Najua wapo. Wangapi?"

"Wanatosha."

"Mama, tumefanya kazi chumba kimoja muda wote huu, hujawahi kuniambia?"

"Hata baba yao hajawahi kuniuliza."

Ofisa alicheka, cheko la mtu aliyekuwa ameishi kwenye nyumba asijue kuna chumba kingine. Hata baba alitabasamu. Yule mama alisimamisha taipu sasa, akatutazama, akaona hakuna mzaha usoni mwangu, akaona aibu kidogo. Ofisa akasema ataandika barua ya maelezo kuhusu desturi hiyo, iambatane na kiapo. Kama itasaidia au haitasaidia, hajui. Kiapo chenyewe lazima kiwe na majina yote na jumla. Hapo hakuwa na la kufanya.

Nyumbani mambo yalichafuka. Mdogo wangu wa tatu, ambaye alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, alisema kwa hasira kwamba hawezi kurudishwa ukimbizini kwa ajili ya mtu mmoja anayetaka kuvaa sare nyeupe. Yule aliyenisindikiza Kyaka alimrukia, mama akawatenganisha. Mimi nilisema basi, niacheni, nitaomba peke yangu. Nilisema kwa ujasiri, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwenye migomba mpaka pua ikaziba. Nilikuwa nimeishaona wodi, nimejiona nikishika ule mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo, na sasa nafasi hiyo ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine ambaye pengine hakuwa na hata swali moja.

Bibi hakuzungumzia cheti kabisa. Cheti hakikumtisha. Alimwambia baba, "Utasimama kwenye nyumba ya watu uwaite wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho? Na jumla juu yake?" Bibi akaongeza, kwa sauti ya chini, "Utanizika mimi na nani mwingine?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba alikuwa na hofu mbili, na ile ya serikali ilikuwa ndogo.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja baba alitoka na koti la Jumapili, akaniambia, "Vaa viatu." Mahakama ya mwanzo ilikuwa mwendo wa kupanda kilima. Alisukuma baiskeli badala ya kuipanda, nami nikajua anataka njia iwe ndefu. Nilijitahidi kukaa kimya. Nilishindwa.

"Baba, kwa nini ulinichagua mimi?"

Tukapita shamba zima la mtu kabla hajajibu.

"Ilibidi mmoja aachwe. Nilifikiri, huyu mdogo nikimwacha atapotea, hata hatajua kapotea. Huyu nikimwacha ataninunia, atanyamaza nalo mpaka azeeke. Wewe nilijua nikikuacha, utauliza." Akahema kidogo, akisukuma. "Nilijua utauliza mpaka wakuingize."

Nilikuwa nimejiandaa kwa sababu ya kunidharau au sababu ya kunihurumia. Hii haikuwa mojawapo. Nilikasirika, nikafurahi, nikakasirika tena, na kilima kikaisha.

Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi, na mabenchi yalikuwa na watu waliokuja kwa kesi zao za mipaka na mbuzi. Wote walitugeukia. Hakimu akamwapisha baba. Karani akashika kalamu. Baba akatakiwa kutaja majina ya watoto wake.

Akanitaja mimi kwanza. Alinitaja jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo, huku akitazama dirishani. Kisha yule wa Kyaka. Kisha wengine. Kila jina sauti ilipungua, mpaka hakimu akasema, "Sauti, mzee, karani asikie." Baba akarudia lile jina kwa sauti kubwa, akafumba macho akiwa ametamka. Jasho lilimtoka kwenye kipara likashuka mpaka kwenye kola. Watu wa mabenchini walidhani mzee anaogopa mahakama, kijana mmoja akacheka. Kikongwe aliyekuwa karibu nami, Mnyambo, hakucheka. Yeye aliinamisha kichwa, akaziba masikio yake kwa ncha za kanga, ili asisikie. Nilimshukuru moyoni, naye hakuwahi kujua.

Alifika kwa kitinda mimba. Sasa hakuna aliyebaki nyuma.

"Jumla?" aliuliza hakimu.

Baba alitazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. Mimi ambaye tangu utotoni nilimcheka bibi, mimi niliyesema huyo anayepunguza hajui kuhesabu, nilijikuta nimesimama. Nilitaka kumziba baba mdomo. Nilitaka kusema basi, sitaki, turudi nyumbani. Ngozi ilinisisimka mikononi mote, na hakuna kitabu cha uuguzi kilichowahi kunieleza vizuri hali ile.

Baba alitamka namba. Alianza kuitamka kwa lugha ya nyumbani, karani hakuelewa, ikabidi airudie kwa Kiswahili. Kwa hiyo aliisema mara mbili.

Tuliporudi, bibi alikuwa amekaa mlangoni. "Umesema?" aliuliza. "Nimesema," baba akajibu. Bibi aliinuka akaingia ndani, na jioni ile hakuruhusu mtu yeyote kula mpaka sote tuwe ndani ya nyumba, akatutazama nyuso kama alivyokuwa akitazama ng'ombe.

Majibu yalichelewa. Kahawa ilichumwa, ikaanikwa, ikauzwa. Senene wakaja wakaisha. Nilikuwa nikienda Kayanga kila nilipopata ruhusa, nikamuuliza ofisa maswali ambayo hayakuhusu jalada langu, maana la jalada langu alikuwa hana jibu. Nilimuuliza mtu akifa wakati ombi lake liko njiani anazikwa kama raia wa wapi. Alisema hilo hajawahi kuulizwa, akaahidi kutafuta. Kisha siku moja akaniita kabla sijafika mlangoni. Cheti cha baba hakikuguswa. Mimi nilikubaliwa, ila kwa kuwa nilikuwa nimeishavuka umri wa mtoto, niape mwenyewe na niukane uraia wa kule nilikozaliwa.

"Nitaukanaje wakati sijawahi kuushika?" nilimuuliza.

"Wewe sema tu kama ilivyoandikwa," alisema, akicheka. "Halafu nenda zako ukasome, nipumzike."

Nikasema kama ilivyoandikwa. Mama alilia, kwa kuwa yeye kule alikuwa na mama yake. Muhula ulipofika nikaenda chuoni, nikapita Kyaka, na askari wa safari hiyo hakunitazama mara mbili. Nilisikitika kidogo. Nilikuwa na majibu mazuri.

Nilihitimu, nikapangiwa zahanati, nikaolewa Songambele na mkulima ambaye hakuwahi kunilalamikia kuhusu maswali mpaka tulipokuwa na watoto nao wakaanza. Bibi alifariki kwa uzee, kitandani mwake, amezungukwa. Miaka ya tisini ikaja na mambo yake, barabara zikajaa watu wapya wenye magodoro kichwani kutoka kule tulikotoka, na zahanati ikafurika.

Ndipo jirani yangu aliponiambia, "Mzee wako alikuwa hapa asubuhi." Nikasema haiwezekani, angeingia. Akasema, "Haingii. Husimama pale mwisho wa migomba na baiskeli yake, mpaka akusikie unagomba na kuku. Kisha huondoka. Huwa anakuja mara kwa mara, mwanangu, nilidhani unajua."

Niliwauliza wadogo zangu. Kila mmoja, alipofikiri vizuri, alikuwa na kisa. Yule wa sekondari, ambaye sasa alikuwa karani wa ushirika, alimwona baba akichungulia dirisha la ofisi kisha akatoweka. Kitinda mimba aliyekuwa Mwanza alikuwa akipata salamu kwa kila dereva wa lori, na kila dereva aliagizwa asirudi bila kumwona kwa macho yake. Tulidhani ni uzee. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Nikaamka mapema siku kadhaa, nikanyamaza makusudi, nisiseme na kuku wala na mtu. Siku moja nikamwona. Alisimama pale kwenye migomba, ameshika usukani wa baiskeli, viatu vimelowa umande, sikio amelielekeza nyumbani kwangu. Alingoja. Nilivyozidi kunyamaza ndivyo alivyozidi kusogea, na nilipoona uso wake sikuweza kuendelea na mchezo ule.

"Shikamoo, baba."

Akashtuka. Mabega yakashuka. "Marahaba, mwanangu. Upo?"

"Nipo. Mbona huingii ndani?"

"Nina haraka."

"Haraka gani, baba, saa hizi?"

Akafuta umande kwenye tandiko la baiskeli, ambalo angelikalia hata hivyo. "Niliwataja mbele ya watu," alisema. "Wote, mpaka jumla. Nikiisha kusema vile, siwezi tena kukaa nyumbani nikadhani tu kwamba mpo. Inabidi nipite."

"Baba, ni miaka mingi sasa."

"Ndiyo," alisema. "Na hajapungua mtu."

Nilimshika mkono nikamwambia chai iko tayari. Akakataa, akageuza baiskeli. Alikuwa bado hajafika kwa mdogo wangu anayenifuata, na jua lilikuwa linapanda.